Kigogo Kwenye Sanduku la Wifi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile mama yangu alipofungua sanduku la mkwewe akidai anatafuta mchwa. Mchwa hawakuwamo. Nakuambia hilo mapema ili ujue nimekulia katika nyumba ya namna gani.

Tulikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati ukitoka nyumba moja kwenda ya pili unapita kwanza kwenye shamba la mihogo. Tulikuwa watatu, mama, mie, na mdogo wangu Shabani. Asili yetu Kilwa. Mie nilikuwa nauza vyungu Buguruni. Kazi ya vyungu inamfundisha mtu kushuku. Kila chungu nikikipokea nilikigonga, nikakisikiliza, nikakigeuza, nikakigonga tena, kisha mteja naye akija anakigonga mbele ya macho yangu kana kwamba mie sina vidole. Nikaishia kuamini kila kitu duniani kina ufa mahali, ila hujaupata tu.

Shabani alikuwa tarishi katika ofisi ya serikali, mtu wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Mwaka ule alianza kuhudhuria darasa la kijana mmoja aliyerudi masomoni Unguja. Huyo kijana alifundisha kwamba Siku ya Mwaka, ile ya kwenda kuoga baharini na kubadili mafiga jikoni, ni sikukuu ya waabudu moto wa Ajemi, ndiyo maana inafuata jua wala haifuati mwezi kama sikukuu zetu. Alifundisha pia kwamba sanamu ikikaa nyumbani malaika hawaingii. Mengi yalikuwa ya kweli, sikatai. Tatizo ni kwamba Shabani alirudi nayo nyumbani kama mtu aliyepewa fimbo mpya, akawa anazunguka kutafuta wa kumchapa.

Na alikuwa ameoa majuzi tu. Mkewe aliitwa Mwanaidi, Mzaramo wa Kitunda, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Tulipendana naye. Lakini alikuwa mgeni, na katika nyumba ya watu wa kushuku, mgeni ndiye anayeshukiwa kwanza kwa sababu wengine mmeshachoshana.

Basi asubuhi hiyo Mwanaidi alikwenda kisimani. Mama, ambaye mguu ulikuwa unamuuma na aliamini maumivu hayo yametumwa na mtu, akafungua sanduku. Chini ya kanga, ndani ya kipande cha kaniki, akakuta kigogo cha mti, urefu wake shibiri. Hakina mikono, hakina miguu. Kina kichwa, na kichwani nywele za kuchongwa zilizogawanyika kama vishungi viwili. Mama aliniita kwa sauti ya kunong'ona, ile ambayo jirani wa tatu anaisikia.

"Tatu, njoo ushike."

"Kwa nini nishike mie?"

"Wewe huna mguu unaouma."

Nikakishika. Kilikuwa kinateleza. Nikanusa vidole, mafuta ya nazi, tena mabichi. Hapo hata mie nikashuku. Kitu cha zamani kilichosahauliwa sandukuni ni jambo moja, na kitu kinachopakwa mafuta kila siku ni jambo lingine. Mafuta mabichi maana yake kuna mtu anakihudumia.

Shabani alipotoka kazini hakuvua hata viatu. Mwanaidi alikuwa jikoni, akasimama mlangoni, akatazama sanduku lake lilivyovurugwa. Shabani akasema kitachomwa hapo hapo uani, na mwenye nacho akiona vibaya njia ya kwao anaijua. Mama akasema kisichomwe, moshi utatuingia sote. Nikasema, kabla ya kuchoma tumwite Sheikh Mbaraka. Sikusema hivyo kwa busara. Nilisema kwa sababu katika biashara yangu kitu usichokijua hukivunji mpaka umjue mwenyewe.

Sheikh Mbaraka alikuwa mwalimu wa chuoni mtaani kwetu, mzee mwembamba, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka wewe uliyeuliza uanze kujijibu. Alipofika, mama alimkaribisha kwa udi, na huku anamsimulia uchafu uliopatikana kwa mkwewe. Kando ya mlango yalikuwa mafiga mapya matatu, mama kayaandaa kwa Siku ya Mwaka iliyokuwa inakaribia. Sheikh akayatazama.

"Haya ya nini, Bi Mkubwa?"

"Mwaka mpya, Sheikh. Tunatupa majivu ya zamani, tunaweka mafiga mapya. Usafi tu."

"Shabani hakukukataza?"

"Kanikataza. Mie ndiye niliyemzaa."

Sheikh akakaa mkekani. "Sasa kama na huyu binti ataniambia anapaka mafuta kigogo kwa usafi tu, nimjibu nini?"

Mama akasema ya kwake ni mila, na yale ni ushirikina. Sheikh akamuuliza tofauti iko wapi. Mama akafikiri, kisha akasema tofauti ni kwamba ya kwake anayajua.

Sheikh alicheka kidogo, halafu akawa mkali, na ukali wake naukumbuka vizuri. "Bi Mkubwa, ukizoa majivu nakusifu, na ukiyazoa kila siku nitakusifu zaidi. Lakini ukisema jiko likiwa na moto mpya ndipo riziki itakuja, umemnyang'anya Mwenye kuruzuku kazi yake ukalikabidhi jiwe. Kitu kinaweza kuwa kimetoka kwa Majusi, hao waabudu moto, au kwa mapepo ya porini, hilo ni swali moja. Wewe leo unakitaka kikufanyie nini, hilo ni swali la pili, na la pili ndilo utakaloulizwa." Akakigeuza kigogo mkononi. "Hiki sikijui. Mie mtu wa Pwani ya kusini, Wazaramo sijakaa nao majumbani. Nisichokijua sikitolei hukumu. Cha nani?"

"Cha mke wangu," Shabani akasema.

Sauti ya Mwanaidi ikatoka nyuma ya pazia. "Si changu. Nimepewa nikae nacho. Ni cha shangazi yangu, Kitunda."

"Basi ni amana," akasema Sheikh, na uso ukamfunguka kama mtu aliyepata pa kushika. "Amana haichomwi. Dini imetuamrisha turudishe amana kwa wenyewe. Shabani, kama hukitaki nyumbani mwako, kipeleke kwa mkono wako mwenyewe."

"Lakini Sheikh," Mwanaidi akasema, "kikirudi sasa..."

"Sheikh ameshasema," Shabani akamkata.

Sheikh alisita, akatazama pazia. Nadhani alitaka kumwuliza amalizie. Lakini magharibi ilikuwa imeingia na adhana inaita, akaondoka. Mwanaidi naye akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Nikadhani anapanga upya sanduku lililovurugwa. Mie, mwanangu, niliyekuwa nagonga kila chungu mara mbili, hilo sikuligonga hata mara moja.

Asubuhi tukaenda Kitunda, Shabani na mie, kwa miguu, kwa kupitia Kipawa. Alikuwa amekifunga kigogo kwa gazeti na kamba, akakibeba kwa ncha ya kamba kama mtu aliyeokota panya. Njia nzima alikuwa anasoma aya.

"Kimekufanya nini?" nikamuuliza.

"Bado hakijafanya."

"Basi mpe nafasi malaika wa kulia apumzike, unamchosha kuandika."

Hakucheka.

Shangazi yake Mwanaidi aliitwa Bi Mwamvita, mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Tulimkuta juu ya msala anamalizia swala. Tukangoja. Akatoa salamu kulia na kushoto, akavuta tasbihi mpaka mwisho bila haraka, ndipo akageuka. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza hali ya Mwanaidi, hali ya mama, mguu wa mama. Shabani akamwekea lile furushi mbele.

"Tumeleta amana yako, mama mkwe."

Akalifungua gazeti. Akakitoa kigogo, akakilaza mapajani. Kisha, bila kuinua sauti, akaita kaka zake waliokuwa uani wanasuka makuti.

"Njooni. Mkwe wenu kamwacha Mwanaidi."

Wakaja wawili, na mapanga mkononi, ya kukatia makuti bila shaka, lakini panga haliandikwi kazi yake.

"Sijamwacha mtu," Shabani akasema. "Nimerudisha kigogo."

"Hiki ni mwana hiti. Kwetu msichana akivunja ungo na kuwekwa ndani anapewa, anakwenda nacho kwa mumewe, na anakaa nacho mpaka ajifungue mtoto wa kwanza. Siku hiyo kinarudi kwa furaha, kiende kwa msichana mwingine. Kikirudi kabla, kimeletwa na mume, maana yake moja tu. Mume kasema mwanamke huyu simtaki, wala mtoto wake simtaki." Akawageukia kaka zake. "Nendeni Temeke mkamchukue mtoto wenu. Sanduku lake mlihesabu wenyewe wakati linakwenda, mkalihesabu tena likirudi."

Nikaona rangi inamtoka Shabani. Alikuwa anampenda mkewe, mwanangu, huo ndio ujinga wenyewe. Alikuja kuitakasa nyumba na sasa amesimama ugenini bila mke.

Hapo nikafanya kazi ninayoijua. Nikakaa chini, nikavua viatu, nikaonyesha sina mpango wa kuondoka. "Shangazi, sie watu wa Kilwa. Hatukujua. Umetupa bei ya juu sana kwa bidhaa tusiyoijua. Tupunguzie."

"Hamkujua au hamkuuliza?"

"Yote mawili."

"Mlikidhania nini?"

Shabani akasema ukweli, kwamba alidhani wanakiabudu, na kwamba Sheikh wa mtaani ndiye aliyesema kirudishwe. Bi Mwamvita akamtazama.

"Umenikuta naswali. Nilielekea kigogo?"

"Kibla."

"Binti anapewa kitoto cha mti akioshe, akipake mafuta, asikidondoshe, mpaka mkono wake uzoee. Akija kuzaa mtoto wa nyama, mkono unajua."

Mie na tabia yangu nikashindwa kunyamaza. "Lakini shangazi, mbona asikidondoshe? Isije ikawa binti akikidondosha hatazaa. Hiyo nayo ni mkono kuzoea?"

Kaka zake wakanitazama vibaya. Yeye akacheka kwa mara ya kwanza. "Wapo wanaosema. Na anayesema hivyo akaamini, huyo sheikh wenu mleteni aje amfundishe, nitamchinjia kuku. Mie nilikidondosha mpaka kikapasuka kishungi, tazama hapa. Nina watoto sita na wote wanakula."

Baada ya hapo ilikuwa mapatano. Kaka mkubwa alitaka Shabani akirudishe kigogo Temeke. Shabani hakutaka, akasema ameamini maneno ya shangazi lakini moyo wake hautatulia kikiwa kitandani kwake, naye hataki kudanganya. Nikaona hilo lina uzito, nikalitetea. Mwisho Bi Mwamvita akasema kigogo kitabaki Kitunda. Ila Shabani atatamka mbele ya wakwe zake kwamba Mwanaidi ni mkewe, na kwamba sanduku lake halitafunguliwa tena na mkono wa mtu mwingine. Tena yeye Bi Mwamvita atafuatana nasi mpaka Temeke amwambie mtoto wake kwa kinywa chake, maana maneno yetu sasa hatayaamini. Shabani akatamka. Nikamwambia arudie, wasije wakasema hawakusikia.

Tulifika alasiri. Mwanaidi alikuwa amekaa uani juu ya sanduku lake lililofungwa kamba, amevaa nguo za safari. Mama amekaa kizingitini, amenyoosha mguu wake unaouma kuziba mlango wa nje, hajui kinachoendelea ila ameshuku kuna kitu. Nusu siku walikuwa hivyo.

Bi Mwamvita akamweleza. Mwanaidi akasikiliza, hakusimama. Shabani akachuchumaa mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia kwamba kukirudisha ni kukuacha?"

"Uliniuliza lini?" akasema Mwanaidi. "Mama kauliza sanduku. Wewe umemwuliza Sheikh. Sheikh kauliza cha nani. Wifi kauliza vidole vyake. Siku mbili nyumba nzima inaniongelea, na mie nipo hapo hapo napika."

Shabani akaanza kufungua kamba za sanduku. Mwanaidi akampiga mkono, taratibu.

"Acha. Nitafungua mwenyewe."

Akalifungua mwenyewe, jua likiwa linatua, na alichukua muda wake.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana najua na nyie mnaletewa maneno kila siku: sikukuu hii ya makafiri, ubani ule wa mashetani, ule mti wa Krismasi wa jirani ulikuwa wa miungu ya Ulaya. Mengine ni kweli. Mie sikuambii kila kilichoachwa na wazee ni kizuri, wala sitakuambia uache kushuku. Endelea kushuku. Anayekuambia "ni mila tu" mwulize anaitaka imfanyie nini, na ukisikia inaleta riziki au inazuia mauti, ondoka hapo. Lakini anza na jiko la mama yako kabla ya sanduku la mgeni. Kisichokuwa chako usikichome. Na kabla ya kwenda kwa mwanachuoni yeyote na kitu cha mtu mkononi, mgeukie yule mtu mwenyewe, umwache aseme mpaka amalize sentensi yake. Dini iliyomkata Mwanaidi neno haikuwa dini, ilikuwa haraka ya Shabani iliyovaa kanzu.

Mungu akupe jicho la kuona ufa na mkono usiopasua. Akupe nyumba ambayo malaika wanaingia na wageni hawaogopi kulala. Na ukikosea, akujaalie wakwe wanaokubali kupatana. Amin, na nasema tena, amin.