Nipungie Mkono Nikujue

Mdogo wangu alikwenda Marekani kusomea uhandisi, akaishia kucheza mpira wao. Si huu mpira tunaoujua. Ule wao wa kushika mikononi, wa helmeti na mabega ya plastiki, wanagongana wee, kisha wanasimama kufanya mkutano. Chuo chenyewe kidogo, kimezungukwa na mashamba ya mahindi, na timu yake ilikuwa ikifungwa na kila mtu.

Walimchukua kwa sababu ya mguu. Alikulia kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya maduka ya magari Wattaya, hapa kwetu Maskati, akipiga mpira tangu Alasiri mpaka Mama aende kumfuata. Kocha alimwona siku moja akipiga mpira peke yake pale chuoni, akamwita. Kazi aliyopewa ni moja tu: timu ikishaupeleka mpira mpaka mwisho wa uwanja, huja mtu akaupiga upite katikati ya nguzo mbili, wakaongezewa pointi moja. Lakini kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe, kijana wa mwaka wa nne. Mdogo wangu alikuwa wa akiba.

Wiki ya pili tangu aondoke, daktari akatwambia ini la Baba limekwisha. Alisema ni suala la miezi. Mingapi, hakusema.

Kwetu sie, mtu aliye safarini hapewi khabari mbaya kwa simu. Ndivyo tulivyolelewa. Bibi alipofariki Unguja, Mama aliambiwa "hajambo kidogo" mwezi mzima, na alipojua hakumlaumu mtu, maana na yeye angefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hatukukaa kikao. Baba alisema tu, "Mwacheni amalize mpira wake," na mie, mtoto mkubwa wa nyumba na mjuzi wa simu, nikawa ndiye mwenye kazi ya uwongo. Niliifanya vizuri. Wallahi, niliifanya vizuri mno.

Kila Ijumaa kabla ya kumpigia mdogo wangu nilimvika Baba kanzu iliyopigwa pasi na kofia, nikamkalisha kwenye kiti cha dirishani ili mwanga umpige usoni. Macho yake yalikuwa yamekuwa manjano, kwa hiyo nilimpa miwani yake ya jua. Mashavu yalipoanza kubonyea nikachukua poda yangu nikampaka.

"Unanifanya bibi harusi," akasema.

"Tulia, Baba. Bibi harusi hasemi."

Akacheka mpaka akakohoa, na mie nikacheka naye, kisha nikaenda chooni nikalia.

Kwenye simu mdogo wangu aliuliza, "Baba, miwani ya nini ndani?" Baba akamjibu kuwa amefanyiwa operesheni ya jicho. Kijana akaamini. Alikuwa na yake ya kusema: bado hajaingizwa, kocha anasema subira, yule wa mwaka wa nne hachoki wala haumwi.

"Basi siku ukiingia nipungie mkono nikujue," Baba akamwambia. "Na hayo masufuria mnayovaa kichwani, nyote mko sawa."

"Inshallah, Baba. Nitakupungia."

Msimu wao huanza Septemba, mechi kila Jumamosi. Chuo kilikuwa kikirusha kwenye mtandao kwa kamera moja iliyotikisika. Mchana wao ni usiku wetu, basi tukimaliza Isha mie na Baba tulikaa mbele ya kompyuta yangu. Nilijifunza sheria zao kwa lazima. Baba hakujifunza wala hakutaka. "Yuko wapi?" ndilo swali lake. Nami nilimwonyesha: yule pale, nambari thelathini na nane, karibu na ndoo ya maji. Baba aliiangalia ile ndoo ya maji miezi miwili. Walifungwa mechi baada ya mechi, na mdogo wangu hakusogea pale.

Mara moja nikiwa kazini nilimuomba Mungu yule mvulana wa mwaka wa nne avunjike mguu. Nnaona haya kulisema, lakini niliomba. Baba alikuwa hana tena kitu cha kusubiri isipokuwa hicho. Chakula hakitaki, wageni hawataki. Ikifika Jumamosi anauliza asubuhi mapema, "Leo wanacheza?" na siku za katikati zote anaziangalia kama foleni.

Msichana wetu wa kazi, Mganda, aliniuliza siku moja jikoni, anamenya kitunguu thomu, "Madam, mtamwambia lini?"

"Akimaliza msimu."

"Mimi mama yangu alikufa nikiwa huku. Walinificha miezi tatu. Kila Jumapili napiga, wananiambia amelala." Hakuniangalia. "Mpaka leo siwezi kusikia mtu amelala."

Nikamwambia, "Nani kakuuliza? Menya thomu." Ndivyo nilivyo, ulimi wangu hutangulia. Sikumuomba radhi siku ile.

Baba alifariki Alkhamisi asubuhi, Novemba, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mechi ya mwisho. Tulimzika siku ile ile baada ya Alasiri. Wanaume wakakaa azaa msikitini kupokea mkono wa pole, sie wanawake nyumbani, kahawa na tende, watu wanaingia wanatoka. Mdogo wangu alipiga mara mbili sikupokea. Ami yangu akasema, "Ana mitihani. Mwacheni, akija ataambiwa." Mama akaitika kwa kichwa. Hakuna aliyeshangaa.

Ijumaa nikapata ujumbe wake. "Dada, mwambie Baba kesho asilale mapema. Kocha kaahidi ataniingiza."

Nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa naweza kumpigia saa ile ile. Nikasema kesho, akishacheza. Nikaandika, "Inshallah tutakuangalia."

Jumamosi wageni walipoondoka niliingia chumba cha Baba, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Walikuwa wamefungwa arubaini na moja kwa sifuri. Dakika za mwisho wakapata kuupeleka mpira mpaka mwisho wa uwanja, sijui kwa muujiza gani, na nikamwona nambari thelathini na nane anaiacha ile ndoo ya maji. Anakimbia. Alikuwa mdogo kuliko wote pale. Alirudi nyuma hatua tatu, kama alivyokuwa akifanya Wattaya, akapiga, na mpira ukapita katikati ya nguzo.

Pointi moja katika mechi iliyokwisha. Hakuna hata aliyepiga makofi sana. Yeye akageuka, akaitafuta kamera, akavua helmeti, akapunga mkono. Alipunga muda mrefu, mpaka mwenzake akaja kumvuta.

Nilipiga kelele, Mama akaja mbio. Nikamwambia si kitu.

Haikupita hata saa moja simu ikalia. Alikuwa anahema. "Dada! Baba kaona?"

Ulimi wangu, ule ule unaotangulia. "Kaona."

"Kasemaje?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo ndipo ningelia tu angejua mwenyewe. Badala yake nikasema, "Kasema umepiga vizuri, lakini timu yenu bure kabisa. Kasema kakujua kabla hujavua sufuria."

Akacheka, kisha akalia kwa furaha, mtoto wa watu, kule kwenye baridi. "Mpe salamu. Mwambie alale sasa."

"Nitamwambia," nikasema.

Aliporudi Disemba tulimwambia kwenye gari, tukitoka uwanja wa ndege. Ami ndiye aliyesema. Mdogo wangu aliuliza siku, akaambiwa, akahesabu kwa vidole vyake juu ya goti. Kisha akanigeukia.

"Na yale maneno?"

"Ya kwangu," nikasema.

"Nimewahadithia timu nzima," akasema. Basi. Akageukia dirisha lake mpaka tukafika nyumbani, Madinat Sultan Qaboos.

Nimemuomba radhi kwa sauti, kwa maandishi, na kwa kumtumia Mama. Msichana wa kazi nilimuomba pia. Yeye alisema, "Sawa, Madam," akaendelea kupiga pasi. Mdogo wangu humpigia Mama kila Ijumaa, akaniulizia kama anavyomuulizia jirani.

Msimu umeanza tena. Yule wa mwaka wa nne kamaliza, na sasa mdogo wangu ndiye mpigaji. Jumamosi nikimaliza Isha nnakaa kwenye kiti cha dirishani nnamwangalia. Anarudi hatua tatu, anapiga, mara nyingi anapata. Kisha anageuka na helmeti yake kichwani, anaipa kamera mgongo, anarudi kukaa. Mkono hapungi.