Kaniki ya Kulwa

Enzi zetu, mtoto wa Sapiwi aliyetaka kurusha kitu angani alianza na spoku ya baiskeli na baruti ya njiti za kiberiti. Wenzangu mnakumbuka: mlipuko mmoja, masikio yanavuma, halafu viboko vya baba kwa kumaliza kiberiti cha jikoni.

Roketi yenyewe tuliletewa na Mwalimu Masunga, mwalimu wetu wa fizikia, nilipokuwa kidato cha kwanza. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la injini ndogo za baruti, kila moja na herufi yake. Alitufundisha kwamba kila herufi ina nguvu maradufu ya iliyotangulia, na kwamba anayeanza haanzi na kubwa. Tulianza na C, tukapanda D, tukapanda E. F na G zilikaa chini kabisa ya sanduku. Kuanzia H, alisema, ni mambo ya watu wazima wenye kibali na cheti.

Bomba la roketi tulilipata sokoni Bariadi kwa muuza vitambaa, Mzee Salum, ambaye alituwekea ile mirija ya boksi gumu inayobaki jora likiisha. Pua ilikuwa kibuyu kidogo kilichokauka, na mapezi yalitoka kwenye sanduku la chai. Kati ya injini na parachuti huwekwa kitu cha kuzuia moto, na sisi watoto wa wakulima tungeweka nini kama si pamba? Tukaishindilia kweli kweli. Roketi ya kwanza ilipanda, ikafunguka, ikawaka kama kibatari, na parachuti yake ya mfuko wa plastiki ikayeyuka hukohuko juu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatuambia siku nyingine tuweke majani ya kabichi.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Roketi isiyorudishwa mkononi kwake, alisema, haijaruka.

Ilipofika zamu ya F, kila mmoja wetu alitakiwa aje na parachuti ya kitambaa. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Naitwa Doto, kwa hiyo mnajua nilizaliwa na mwenzangu. Kulwa alifariki kabla hatujaota meno. Bibi, mama yake baba, aliitunza kaniki aliyombebea mgongoni, ndani ya kikapu juu ya kitanda chake, imekunjwa mara nne, pembe zote zimeingizwa ndani kama anavyofungwa mtoto mchanga. Kila mwaka kabla ya kupanda pamba alinifunika nayo, akamwambia Kulwa kwa Kisukuma kwamba mwenzake bado yupo. Kisha alinionya kwamba kaniki hiyo ikipotea, Kulwa atakuja kuitafuta kwangu. Nilimwogopa Kulwa kuliko fisi.

Sasa kwa nini niliichukua? Kwa sababu ilikuwa nyepesi, haina tundu, na nilikuwa mjinga. Nilidhani ningeirudisha kikapuni kabla ya chakula cha jioni.

Tulirudi nyuma hatua hamsini, tukahesabu kinyumenyume, na Mwalimu akaunganisha waya kwenye betri ya pikipiki. Roketi yangu iliondoka kwa mlio ambao ng'ombe wa jirani waliukimbia. Juu kabisa ikafunguka, na kaniki ikatanuka, nyeusi, ndogo, nzuri. Moshi ulikuwa unakwenda mashariki. Kaniki ikaenda magharibi, upande wa Lamadi, taratibu, haishuki, mpaka macho yakashindwa. Mwalimu alituambia kwamba upepo wa juu una njia zake. Nilimwitikia huku nimeshaanza kukimbilia upande wa Lamadi.

Nilitafuta siku tatu. Nyumbani sikusema kitu, na Bibi hakuuliza kitu, ila alianza kutazama nyuma yangu kila nilipoingia. Siku ya pili alipakua ugali sahani mbili, akaniangalia nikiwa peke yangu pale mkekani, halafu akairudisha ile ya pili jikoni. Sikula.

Siku ya tatu, saa sita mchana, niliikuta katikati ya shamba la pamba. Vitumba vilikuwa vimepasuka, kweupe pande zote, hakuna ndege anayelia. Roketi ilikuwa imelazwa vizuri kati ya mistari miwili. Juu yake ilikuwa kaniki, imekunjwa mara nne, pembe zote zimeingizwa ndani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo ulikuwa laini. Niliangalia mbele, nikaangalia nyuma. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Bibi aliipokea kaniki, akainusa, akairudisha kikapuni bila kuikunjua.

"Umemshukuru?" akaniuliza.

Nikamwambia hapakuwa na mtu.

"Rudi ukamshukuru, ng'wana wane. Jua halijashuka."

Nilirudi huku nalia. Nikasimama palepale nikasema asante, Kulwa. Pamba haikutikisika. Lakini tangu siku ile Bibi hakutazama tena nyuma yangu, na Mwalimu Masunga aliniandikia cheti cha F kwa mkono wake mwenyewe. Kile cheti ninacho mpaka leo.

Siku hizi binti yangu Kabula yuko chuo, anasomea uhandisi, na roketi zake ni mambo mengine. Hana kibuyu wala kabichi. Ana kitambaa maalumu kisichoshika moto, ana parachuti ya nailoni ya rangi ya chungwa, ana GPS inayomwambia roketi imeangukia hatua ngapi, na ana miwani ya jua ambayo sijaelewa inasaidia nini kwenye fizikia. Kabla ya kurusha hupiga picha, baada ya kurusha hupiga picha. Sisi tulitafuta porini siku tatu, wao wanalalamika simu ikichelewa kusoma dakika mbili.

Juzi alirusha H yake ya cheti, huko Nkoma, mchana, mimi nikiwa mtazamaji. Sharti ni lilelile la Mwalimu: irudi nzima. Simu ikatuongoza moja kwa moja hadi ndani ya shamba la pamba. Kabula alitangulia, akasimama ghafla.

"Mama, kuna mtu ametutangulia."

Roketi ilikuwa imelazwa kati ya mistari miwili. Parachuti ilikuwa juu yake, imekunjwa mara nne, pembe zimeingizwa ndani. Kabula akaangalia udongo, hakuna nyayo ila zetu, akaangalia simu. Bibi alikwisha kufa miaka mingi iliyopita, na hadithi hii nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote.

Nikamwambia ashukuru. Akanicheka, mama na mambo yenu ya zamani, lakini kwa kuniridhisha akaigeukia pamba akasema asante. Kisha akanigeukia mimi.

"Haya, na wewe mbona umeniitikia kwa sauti ya kitoto?"

Mimi nilikuwa sijafungua mdomo.