Pengo Katika Baba Yetu ya Bibi

Karafuu mbichi ina harufu yake na karafuu kavu ina yake, na anayeijua ile ya kwenye pilau tu bado hajaijua karafuu. Ile mbichi ni kali, hung'ang'ania vidoleni hata ukiosha kwa sabuni ya mche, na ukijisahau ukafikicha jicho utalia mpaka watu wadhani umefiwa. Nyumbani kwa Bibi, upande wa Matombo, harufu hiyo ilikuwa kila mahali msimu ule: kwenye mkeka, kwenye kanga, hata kwenye uji wa asubuhi. Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Gairo, akapata uhamisho wa kuja Morogoro mjini, na wakati yeye na mama wanahangaika na nyumba ya kupanga, mimi nikapelekwa milimani kwa mama yake baba likizo nzima. Nilitoka kwenye vumbi na karanga nikaingia kwenye migomba na ukungu. Siku ya kwanza sikupata usingizi kwa kelele za kijito kilichopita nyuma ya jiko. Siku ya pili nikalala fofofo, na hata leo nikilala mahali pakavu sana naona kama kuna kitu kimesahaulika.

Bibi alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa na miguu iliyokomaa kwa kupanda na kushuka. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila nilipochelewa kuamka alisema hakika marehemu mumewe alioa vibaya mara ya pili. Alikuwa Mkatoliki wa kuamka nayo na kulala nayo. Lakini aliomba kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Alimwambia Mungu anachotaka, kiasi anachotaka, na asichelewe njiani. Bwana, mvua isije kabla karafuu hazijakauka. Bwana, yule kuku mwekundu aatamie, wala asiatamie kule vichakani. Bwana, mwanangu apate nyumba yenye maji. Akimaliza alifanya ishara ya msalaba akanyanyuka haraka, kama aliyekwisha kumaliza upande wake wa kazi. Mimi nilimpenda sana kwa hilo, kwa sababu mama yangu aliomba kwa kunong'ona na sikuwahi kujua anataka nini.

Mtoto wake wa mwisho, na binti pekee kati ya wavulana watatu, alikuwa shangazi yangu Felista. Alikuwa mrefu, mpole na mbishi, vitu ambavyo sikujua kama vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Hapo inabidi nieleze jambo ambalo kwa Waluguru halihitaji maelezo. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na shamba hufuata njia hiyohiyo. Ile migomba, mikarafuu na minanasi ilikuwa mali ya tumbo la Bibi, kutoka kwa mama yake, kutoka kwa mama wa mama yake. Wana wa kiume wangeweza kulima na kula, lakini watoto wao walikuwa wa koo za wake zao. Kwa hiyo Bibi alikuwa na wajukuu wengi na hakuwa na hata mmoja wa kumrithi. Mlango ulikuwa mmoja tu, Felista. Mimi nilikuwa na balaa zaidi, maana mama yangu ni Mchaga, na Wachaga nao wanasema mtoto ni wa baba. Milimani nilikuwa Mchaga. Tulipokwenda Kilimanjaro nilikuwa Mluguru.

Karafuu zikiwa ndiyo kwanza zimeanikwa, Felista akamwambia mama yake kwamba anataka kwenda utawani. Alilisema wakati tunachambua, akitenga karafuu na vikonyo vyake, bila kuinua kichwa. Masista walikuwa tayari kumpokea, paroko alikuwa anamfahamu, lakini paroko alitaka kulisikia neno la mzazi kwa kinywa chake mwenyewe, pale kigangoni mbele ya watu. Bibi aliendelea kuchambua kwa muda. Halafu akaanza kusema kwa Kiluguru, lugha ambayo aliitumia akikasirika, na nilichoambulia ni jina la mama yake mzazi, alilolirudia mara nyingi. Felista alipomaliza kuchambua fungu lake alisema kitu kimoja tu.

"Bila neno lako siendi, mama. Lakini sitaolewa."

Usiku ule nilidhani nimepata dawa. Nilimfuata Bibi kitandani nikamwambia asihuzunike, si mimi nipo, nitalilima shamba mimi. Alinishika kichwa akasema mimi ni mjukuu wake na ananipenda, lakini si wa tumbo lao. Alisema bila ukali, kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Niliumia sana. Nililia nikiwa nimegeukia ukutani, naye alijua, maana alinifunika kanga ya pili.

Kesho yake jioni ndipo pengo lilipoanza. Kila jioni Bibi aliongoza Rozari sebuleni, na anayesali Rozari anajua mpangilio wake: kiongozi huisema Baba Yetu mpaka "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni," kisha wengine huitikia "utupe leo mkate wetu." Bibi alifika "ufalme wako ufike" akanyamaza. Tulingoja. Nilifumbua jicho moja nikamwona amekaa wima, mdomo umefungwa kama mlango wa ghala. Mwishowe Felista akaitikia sehemu yetu, nami nikamfuata, na Bibi akaendelea na Salamu Maria kana kwamba hakuna kilichopungua. Ikawa hivyo katika kila tendo la Rozari, na kesho yake, na keshokutwa yake. Nilimuuliza kama amesahau. Akanijibu kwamba hajasahau, ila hawezi kumwambia Mungu afanye atakalo wakati anajua Mungu anataka nini safari hii, na yeye hataki. Kusema ingekuwa uongo, na uongo mwingine ni afadhali uambiwe mtendaji wa kijiji.

Nyumbani ilikuwa siri yetu, lakini jumuiya iliposali kwetu ikawa habari ya mlima mzima. Katekista akaja. Alikuwa mzee mwenye heshima, akapewa kigoda na chai ya mchaichai, akaanza kwa mbali na hali ya mikarafuu. Alipofika kwenyewe alieleza kwamba sala ya Bwana haikatwi vipande, na kwamba binadamu hupanga, Mungu hupangua. Bibi alimsikiliza kwa adabu zote. Akasema hajaikata, ameruka tu mahali ambapo hawezi kukanyaga kwa sasa, na atakapoweza atarudi kupakanyaga. Akamwuliza katekista kama yeye huwa anamaanisha kila neno. Yule mzee alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akasema ataliombea jambo hilo, akaaga. Nilidhani Bibi ameshinda, lakini jioni ile hakula.

Ng'ambo ya shamba letu, nyuma ya mstari wa mananasi, aliishi Mwanahawa. Alikuwa binti wa marehemu mdogo wake Bibi, yule aliyeolewa na Mwislamu na kufuata dini ya mumewe. Dini haikuwa tatizo; milimani kule nyumba moja huweza kuwa na Rozari na tasbihi, na sikukuu zote zikaliwa. Tatizo lilikuwa mananasi. Yalipandwa na mama yao kuwa mpaka kati ya dada wawili, na kila upande uliamini kwamba upande mwingine umeyasogeza. Bibi alikuwa na usemi wake, kwamba nanasi halina miguu. Tangu mazishi ya mdogo wake hakuwa amekanyaga kwa Mwanahawa, na Mwanahawa alikuwa akimwamkia kwa mbali tu, shikamoo mama mkubwa, akipita.

Mvua ilikuja mchana, karafuu zikiwa zimebakiza siku kidogo ziwe kavu kabisa. Kule mvua haipigi hodi. Ukungu ulishuka bondeni, migomba ikainama, na kabla hatujafika kwenye mikeka matone yalikuwa yameanza. Bibi alikuwa ameomba kwa mdomo wake mvua isije. Niliikumbuka sala ile wakati ninakokota pembe ya turubai. Karafuu ikilowana katika hatua hiyo hupauka na kuoza, na kazi ya msimu mzima huishia hapo. Tulikuwa watu watatu na mikeka mingi. Ndipo nikamwona Mwanahawa akiruka mananasi na sinia kichwani, nyuma yake binti yake Zuhura, rika langu, na beseni. Hakuna aliyewaita. Walikunja, wakabeba, wakarudi tena. Mikeka ya juu tuliiokoa. Ya chini ilikwenda na maji, na kijito kikanukia karafuu.

Tulikaa jikoni tumelowa, moshi unatutoa machozi, na Bibi akawapa chai. Zuhura alivuta ungo uliokuwa na karafuu za mavuno ya mwisho, zisizochambuliwa bado, akaanza kuchambua. Sisi wengine huzishika karafuu kwa mkono mmoja na kunyofoa kwa mwingine. Yeye alikiegemeza kichala kwenye kiganja na kukizungusha kwa kidole gumba, karafuu zikadondoka zote kwa pamoja. Ndivyo alivyofanya Bibi. Sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo. Bibi alimtazama mpaka chai yake ikapoa.

"Nani amekufundisha hivyo?" akamuuliza.

"Bibi yangu," Zuhura akasema. "Alisema ndivyo alivyofanya mama yao."

Bibi alichukua upande mwingine wa ungo, wakachambua pamoja, vidole gumba viwili vikizunguka kwa mtindo mmoja, na Felista akainuka akatoka nje ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Jioni tulisali kama kawaida. Bibi alifika "ufalme wako ufike," akanyamaza, nami nikajiandaa kumfuata Felista. Lakini Felista hakuitikia. Alingoja. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye makuti ya jiko, kisha Bibi akasema "utakalo lifanyike," kwa sauti ya mtu anayemeza mwarobaini, akavuta pumzi akamalizia "duniani kama mbinguni." Tukaitikia. Baada ya Rozari Felista alipiga magoti mbele yake, na Bibi akamwambia asifurahi mapema.

"Nimelisema kwa leo. Kesho mnisikilize tena."

Kesho yake tulimsikiliza kweli. Alilisema. Kuna siku lilimshinda, akaliruka, na siku iliyofuata akalirudia. Paroko alipokuja kigangoni na kuuliza ni nani anayemtoa binti huyu kwa Mungu, Bibi alisimama akasema, "Mimi. Sijapenda, lakini namtoa." Watu wakacheka, na paroko naye akacheka, halafu wakaacha kucheka walipoona kwamba amesema alichomaanisha. Lisilobudi hutendwa, wanasema wahenga, lakini hili lilikuwa na budi. Angeweza kukataa, na Felista angebaki. Nilikuwapo, najua.

Felista alikwenda na mfuko mmoja. Bado ni sista, muuguzi katika zahanati ya mbali, na nywele zake chini ya kitambaa zimekuwa nyeupe. Kabla ya kufa Bibi aliwaita watu wa ukoo akasema shamba lichukuliwe na Zuhura, kwa kuwa ni wa tumbo lao na anajua kuchambua. Baada ya hapo akaongeza kwamba mananasi yarudishwe mahali pake pa zamani. Nilisikia yalirudishwa siku ya arobaini, kwa heshima, ingawa sasa pande zote mbili ni shamba la mtu mmoja.

Mimi ninaishi Morogoro mjini. Jirani na kwetu kuna mkutano wa maombi wenye spika kubwa, na kila jioni nawasikia watu wakimwagiza Mungu: kazi, nyumba, mume, leo hii, kabla ya saa sita. Siwacheki. Bibi angejisikia nyumbani pale, angepaza sauti kuliko wote. Ila sijui kama wangevumilia awanyamazie katikati. Karafuu nanunua sokoni kwa Zuhura, ambaye huniongezea konzi moja na kuniita dada, na kila mara nazinusa kabla ya kulipa, nikiona wivu kidogo ambao haujaisha tangu ile kanga ya pili.

Nina mtoto mmoja, binti. Mwezi ujao anakwenda kufanya kazi nchi ya mbali, ng'ambo, na mkataba ameshausaini. Anasema miaka michache tu, nami najua watu wa miaka michache. Nilimwomba Mungu waziwazi viza isitoke. Ilitoka. Juzi jioni tulikuwa tunasali sisi wawili, mimi nikiongoza, na nilipofika "ufalme wako ufike" nikanyamaza. Yeye alingoja. Alidhani umri umeanza kunichukua, akanisaidia kwa sauti ya chini.

"Utakalo, mama."

"Nalijua," nikamwambia. "Ngoja."

Akangoja. Nje spika zilikuwa zimezimwa. Nikalisema, kwa leo, naye akaitikia.