Upana wa Kidole

Asubuhi za mwaka wetu wa mwisho chuoni zilianza na mlima. Madirisha ya chumba cha kuchorea yalitazama Uluguru, na kabla hatujafungua chupa za wino tulisimama kidogo kuangalia kama mlima umejifunika. Ukiwa umejifunika wingu, karatasi zilinyonya unyevu na wino ukatambaa nje ya mistari, kwa hiyo siku hiyo tulichora kwa penseli. Ukiwa wazi, na mabonde yake yanaonekana kama mikunjo ya kitambaa kilichotolewa sandukuni, tulichora kwa wino. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Mlima wenyewe ulitupangia ratiba.

Tulisoma uhandisi wa kilimo. Darasa zima lilienea kwenye meza mbili za bwalo, na maharage yetu tuliyala haraka ili tuwahi karakana kabla wanafunzi wa mwaka wa pili hawajachukua vise zote za kubania chuma. Sukari ilikuwa adimu. Sabuni tuliikata vipande kwa uzi tukagawana. Jumamosi tulishuka Mafiga kutafuta ndizi za kuchoma, na njiani tulibishana juu ya beringi na mitaro ya umwagiliaji kama vijana wengine wanavyobishana juu ya mpira. Tuliamini kwamba vijiji vya ujamaa vinatusubiri sisi, na kwamba mashine tutakazotengeneza zitawapunguzia kazi wanawake wanaopiga magunia ya mahindi kwa fimbo. Tulikuwa na umri wa kuamini, na nchi nayo ilikuwa na umri huo.

Rafiki yangu, ambaye ndiye nilipangiwa kufanya naye mradi wa mwisho, alizaliwa juu ya mlima ule ule tuliokuwa tukiutazama. Kwao ni kijiji cha misheni, siku nzuri unakiona kutoka chuoni kama vumbi jeupe kwenye kijani. Yeye ni Mluguru, mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani, na tangu siku ya kwanza hatukusalimiana kama watu wengine.

"Mbeba mizigo umeamka?" aliniuliza kila asubuhi, kwa kuwa babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara.

"Nimeamka. Na wewe nyani umeshuka?"

Wengine walioketi nasi walidhani tunachukiana, mpaka wakatuona tunakula sahani moja.

Lakini mwaka ule utani wake ulikuwa mfupi. Alikuwa anaurudia mwaka wa mwisho. Mwaka uliotangulia mradi wake ulikataliwa kwa sababu vipimo vya mashine havikulingana na vya mchoro, na kanuni za chuo hazikuruhusu mtu kurudia mara mbili. Mradi wetu ukikataliwa, mimi ningepewa mwaka mwingine. Yeye angefunga sanduku lake na kupanda mlima bila cheti. Hatukulizungumza jambo hilo. Lilikaa mezani pamoja nasi, kama chumvi.

Mradi wenyewe ulikuwa mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuzungushwa kwa mkono, kwa ajili ya kijiji cha ujamaa huko Mlali. Fremu ilikuwa ya mti wa mninga, imara, yenye urefu wa kama mita moja. Ndani yake lilizunguka pipa lenye meno, na pipa lilishikwa na chuma cha mviringo tulichokiita shafti, ambacho ncha zake mbili zilikaa kwenye beringi za pande mbili za fremu. Tuligawana kazi. Mimi nilikaa kwenye mashine ya kukereza, nikachonga shafti. Yeye alikata mbao na kutoboa fremu.

Katika karakana yetu palikuwa na chumba cha kusubu, ambako sufuria mbovu zilizokusanywa mjini ziliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga. Alumini ikipoa hunywea. Kitu ulichokitaka kiwe na urefu fulani hutoka kifupi kidogo, na ndiyo sababu mafundi wa kusubu wana rula yao. Ukiitazama ni rula kama nyingine, imeandikwa sentimita na milimita, lakini kila milimita yake imerefushwa kwa makusudi kiasi cha kufidia kule kunywea. Ni rula inayodanganya ili chuma kije kiseme kweli. Ya kwetu ilipakwa rangi nyekundu kwenye ncha na kutundikwa kwenye msumari wake peke yake. Miaka ilipita, vidole vikala ile rangi, na siku moja mtu fulani akaitundika na rula za maseremala.

Tuliunganisha mashine siku ya Ijumaa, mlima ukiwa wazi. Ukaguzi ulikuwa umepangwa Jumatano, kule kule Mlali, mbele ya wanakijiji. Niliingiza shafti kwenye beringi ya kwanza, ikakaa vizuri. Nikasukuma upande wa pili. Ncha ilifika mlangoni mwa beringi ikasimama hapo. Pengo lilibaki kiasi cha upana wa kidole.

"Umekata shafti fupi, mbeba mizigo," aliniambia, bado akitania.

Nilipima shafti. Ilikuwa sawasawa na mchoro. Nikapima fremu kwa rula iliyokuwa mezani kwake. Nayo ikawa sawasawa na mchoro. Tukatazamana. Kisha yeye akachukua rula mbili, yangu na yake, akazisimamisha juu ya benchi bega kwa bega. Yake ilikuwa ndefu.

Aliigeuza ile rula, akakuta alama ndogo ya rangi nyekundu pembeni, kama damu ya mbu. Fremu nzima, miguu, matundu ya bolti, nafasi ya chekeche la kuchujia punje, kila kitu alikuwa amekipima kwa rula ya kusubia. Mninga mwingine haukuwapo. Ule tu tulikuwa tumeuomba kwa majuma mengi.

"Watapima," alisema hatimaye. "Watachukua mchoro na futi, watapima, kama mwaka jana."

"Tutatafuta njia."

"Njia gani? Mbao haziwezi kunywea, bwana."

Alining'iniza aproni yake, akatoka. Jioni nilipofika bwenini nikakuta kitanda chake kimetandikwa na sanduku halipo.

Jumapili asubuhi nilipanda mlima. Nilipita Kilakala wakati wasichana wa shule wakitoka misa kwa mistari, nikafuata njia ya mto. Wanawake walikuwa wanashuka na matenga ya karoti na kabichi vichwani, wanatembea kwa kasi kwenye miteremko ambayo mimi niliipanda kwa kushika majani. "Shikamoo mama," nilisema kila mara, nikihema, na wao wakaitikia marahaba kwa ile sauti ya Uluguru inayopanda mwishoni, bila kupunguza mwendo. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitamwambia nini. Kumbembeleza kungemfanya aone aibu zaidi. Kumgombeza sikuwa na haki. Nilipoona mnara wa kanisa la misheni ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mtani, na mtani ana kazi yake.

Kwa watu wetu, penye msiba mtani huingia bila hodi. Wengine wanalia, yeye anafanya mzaha. Anaweza kulala mlangoni na kuzuia maiti isitoke mpaka apewe anachotaka, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa shamba la mama yake, shamba ambalo kabla yake lilikuwa la bibi yake, kwa kuwa huko ardhi hufuata upande wa mama. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Mjomba wake, mzee aliyekuwa na kauli katika ukoo, alikaa kwenye kigoda akinoa mundu. Niliwaamkia kwa adabu zote. Kisha nikavua viatu, nikaenda kwenye mlango wa nyumba na kujilaza kizingitini, chali, mikono kifuani.

Mama aliacha maharage. "Baba, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mimi ni Mnyamwezi. Nimesikia hapa kuna msiba, nimekuja kuzika."

Nilianza kuogopa kwamba nimekosea. Kisha mjomba akaweka mundu chini.

"Kumbe habari zimefika mpaka bondeni," alisema kwa sauti nzito. "Marehemu yumo ndani. Alituletea sanduku tangu juzi."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hatujui. Hasemi," alijibu mama, na mdomo wake ulikwisha kuanza kucheza. "Lakini leo asubuhi marehemu amekula magimbi, akaongeza."

"Maiti wa Kiluguru ndivyo walivyo," nilisema. "Basi mlango huu haufunguki mpaka nilipwe."

"Tukupe jogoo?"

"Sitaki jogoo. Nataka huyo huyo marehemu. Tuna hesabu naye hatujamaliza."

Majirani wawili walikwisha kusogea kwenye ua, mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi, mama akajifunika uso kwa khanga akicheka. Kutoka gizani mwa nyumba nikasikia sauti ya rafiki yangu.

"Ondoka hapo, wewe. Unanitia aibu kwa mama."

"Maiti haisemi," nilimwambia.

Alitaka kuniruka. Nikamshika mguu. Akaanguka juu yangu, tukabingirika mpaka uani kwenye maganda ya maharage, naye alipoinuka alikuwa anacheka, kwa kicheko kile ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka uanze. Mjomba alingoja kikatulia. Akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, nini kimekushusha huku juu?" Ni swali la ajabu, kushuka kuja juu, lakini wote tulilielewa. Rafiki yangu akakaa chini, akamweleza mama na mjomba habari ya rula mbili, na nilimwona akilieleza jambo lile mara ya kwanza bila kujificha. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo mashine inazunguka au haizunguki?" aliuliza.

"Haizunguki, mama."

"Basi nenda ukaizungushe. Wakikufukuza, shamba lipo, halikimbii. Lakini wakufukuze wao, usijifukuze mwenyewe."

Tuliteremka mchana ule ule, yeye na sanduku, mimi na kikapu cha mahindi makavu ya kujaribia. Jumatatu alichonga vibao viwili vya mninga kutoka kwenye mabaki, akavifunga kati ya nguzo na beringi, ndani ya fremu, mpaka shafti ikafika pande zote. Chekeche tukalizungushia ukingo wa mti ili lijaze nafasi yake. Mashine ikazunguka. Lakini yeyote mwenye mchoro mkononi angeona viraka.

Jumatano trekta la chuo lilitubeba mpaka Mlali. Tuliteremsha mashine uwanjani karibu na ghala la kijiji, na wanawake wakaizunguka, watoto mgongoni.

"Hii inakula mahindi au inapukuchua?" mmoja aliuliza.

"Inapukuchua, mama."

"Tutaona. Na wewe mrefu ni kabila gani?" Nikamwambia. "Aa, Mnyamwezi. Ndiyo maana mashine imekuja na mbebaji wake."

Wakacheka, wakaanza kuingiza mahindi. Punje zilianguka upande mmoja, magunzi yakaruka upande wa pili, na mama yule aliyenitania akang'ang'ania mkono wa mashine asitake kumpa mwenzake. Mhadhiri aliyekuja kukagua, mtu mkimya mwenye miwani, alisimama pembeni na mchoro wetu. Akaja na futi, akapima. Akagusa kimoja cha vile vibao vya mninga.

"Hiki hakimo kwenye mchoro. Ni cha nini?"

Nilikuwa nimetayarisha jibu zuri juu ya kupunguza mtikisiko, na lingeweza kupita. Nilifungua mdomo. Rafiki yangu akanitangulia.

"Ni kiraka, mwalimu. Nilipima fremu kwa rula ya kusubia alumini. Fremu ni ndefu kuliko mchoro."

"Ndefu kiasi gani?"

Akataja. Mhadhiri akapima tena, taratibu, akakuta ndivyo. Akamwuliza kwa nini alumini hunywea hivyo, je, shaba? Je, chuma cha kusubu? Kama kibao kile kingekuwa cha mti laini, beringi ingekaa muda gani? Rafiki yangu alijibu amesimama wima, mikono nyuma, vumbi la makapi likimtua nywelani. Baadhi ya majibu alikosa, akakiri hajui. Yalidumu maswali yale.

Mwishowe mhadhiri alikunja futi. "Chora upya," alisema. "Chora mashine ilivyo, pamoja na viraka vyake. Uniletee Ijumaa. Alama utakazopata hazitakupendeza." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini zitakutosha kutoka na cheti."

Rafiki yangu alisema ahsante, mara moja tu, kisha akaenda nyuma ya ghala akakaa huko peke yake kidogo. Sikumfuata. Nilibaki kuwasaidia akina mama kukusanya magunzi.

Trekta liliturudisha alasiri. Mashine tuliiacha kijijini, kwa hiyo tela lilikuwa tupu, ila magunia machache yenye makapi. Njia ilikuwa mbaya, tela liliruka kila mahali, na upande wetu wa kulia Uluguru ilianza kuvuta wingu lake. Nilimgeukia mtani wangu nimtupie neno. Alikuwa amelala, kichwa juu ya gunia, mdomo wazi, makapi shingoni. Tangu mwaka uanze sikuwahi kumwona amelala namna ile. Nilisogea, nikamshika ukosi wa shati asije akaanguka, nikamshikilia hivyo mpaka tukaingia mjini.