Alamu ya Mkanda Niliyoinyamazisha Ijumaa

Ijumaa ile, jua likielekea kuzama, fomani, msimamizi wetu wa gereji, aliniambia niunganishe waya mbili chini ya kiti cha abiria ili alamu ya mkanda wa usalama inyamaze. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimefanya kazi ya umeme wa magari zaidi ya miaka thelathini, na nilijua vizuri ninachoambiwa. Niliziunganisha.

Nilianza kazi katika gereji moja mjini Kisii, nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa taa ya kupimia umeme, akasema, "Hapa hatubahatishi. Gari likikushinda, sema limekushinda." Magari ya wakati ule hayakuwa na alamu ya mkanda. Yenye alamu niliyakuta baadaye, nilipohamishiwa tawi letu la Nyamira chini ya fomani huyo.

Pale unapochomeka ulimi wa chuma wa mkanda pana kufuli, na ndani yake mna swichi ndogo. Ulimi ukishika sawasawa, swichi huliambia gari kwamba umejifunga. Chini ya mto wa kiti mna pedi inayohisi uzito. Watu wetu huweka mkungu wa ndizi au gunia la majani chai kiti cha mbele, pedi inadhani ni mtu, alamu inalia. "Funga ndizi mkanda, mama!" tulikuwa tukiwatania wateja. Mzaha huo ulituharibu. Tulifika mahali ambapo alamu ikilia, hakuna fundi anayeuliza kwa nini.

Gari la Ijumaa ile lilikuwa la mzee wa kanisa letu la Kisabato, ambako kazi zote hukoma jua la Ijumaa likizama.

"Abiria wangu wanajifunga, bado inalia," alilalamika. "Hata kuomba humo ndani siwezi."

Aliposimama langoni akitazama jua, niliketi kiti cha abiria, nikajifunga, nikauvuta mkanda kwa nguvu. Ulishika. Nikauvuta tena, ukashika. Mara ya tatu ulimi ulichomoka, nikabaki nao mkononi. Alamu haikuwa mbovu. Kufuli ndilo lililokuwa limechakaa, na alamu ilikuwa ikisema kweli.

"Fomani, hili linataka kufuli jipya," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Litoke Kisumu, Jumatatu."

"Na mzee alale hapa? Sabato iko mlangoni. Unataka ikukute na bisibisi mkononi, wewe shemasi mzima? Unganisha. Atarudi wiki ijayo."

Kwa gari la aina ile, waya mbili zikigusana, gari huamini mkanda umefungwa siku zote. Ilinichukua dakika tano. Mzee alinishika mkono, akasema, "Ubarikiwe, fundi." Sikumwambia kwamba kufuli limechakaa. Niliogopa kuonekana nimemrudishia gari bovu.

Wiki iliyofuata hakurudi. Angerudia nini, na kelele imekwisha?

Ndipo hofu ilipoanza. Kila Sabato mzee aliwabeba wanakwaya, na mke wangu, Mama Moraa, alikaa mbele kwa sababu goti lake lilikuwa halikunjiki vizuri. Nikisikia gari likipanda kwetu, niliacha nilichokuwa nikifanya.

"Leo kaa nyuma," nilimwambia asubuhi moja.

"Na hili goti nilikunje vipi? Una nini siku hizi, Baba Moraa? Gari la mzee likija unashtuka kama mwizi."

"Basi ujifunge."

"Si huwa najifunga? Tena siku hizi halinipigii kelele. Ulilitengeneza vizuri."

Alicheka, akapanda. Nilisimama kwenye ua hadi mlio wa injini ukapotea. Nilijiambia Jumapili nitamweleza mzee. Jumapili ilifika, nikaona aibu. Nyingine ikafika, ikapita pia. Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi.

Kwaya ikaalikwa upande wa Itumbe. Mvua ilikuwa imenyesha. Gari liliteleza kwenye mteremko, likabiringika mara moja hadi ndani ya shamba la chai. Mzee alitoka akitembea. Waliokuwa nyuma walipata michubuko, na mmoja akavunjika mkono. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele. Mkanda haukuwa umekatika. Ulikuwa umechomoka, kama ulivyochomoka mkononi mwangu.

Nilimweleza mzee yote, mbele ya fomani, kisha nikaacha kazi mwezi uleule. Sasa vijana huja nyumbani kuniuliza kuhusu alamu zinazowasumbua. Nawaambia wajifunge kwanza, wauvute mkanda mara nyingi, na kufuli likiachia hata mara moja, gari lisitoke. Kama Sabato imeingia, mwenye gari alale kwa jirani.

Mama Moraa alikuwa amejifunga, kama nilivyomwomba. Kufuli lilimwachia, na hapakuwa na alamu ya kumwonya. Nilitaka kuwahi Sabato moja, nikampoteza mke wangu.