Duara Lisilofika kwa Mama

Ofisini tulimwita Bi Duara, wala hakununa. Kazi yake ilikuwa kupima ukubwa wa vimbunga. Sisi wengine tulihangaika na kasi na njia: kinavuma vipi, kinaelekea wapi. Yeye alitaka kujua upana wake. Aliangalia picha za setilaiti, akapima upepo mkali unaishia umbali gani kutoka kwenye jicho la kimbunga, kila upande, kisha akachora duara kwenye ramani. Kamati ya maafa iliwahamisha watu waliomo ndani ya duara. Wa nje walibaki majumbani mwao.

Meza yangu iko jirani na yake. Sikuwahi kumwona akigombana na mtu, ila na duara lenyewe. "Kimbunga si sinia," alikuwa akininung'unikia. Upande mmoja huwa mpana, mwingine umebanwa, lakini kamati ilitaka namba moja, basi tukawa tunachukua wastani. Ndivyo tulivyofundishwa, na hakuna aliyekuwa ameumia.

Tulikuwa na sheria nyingine: hakuna utabiri wa nyumbani. Unalomwambia mama yako ni lile tu ambalo wote wameshatangaziwa. Bila hivyo kila mtaa ungekuwa na tangazo lake, na watu wangekanyagana barabarani. Hata leo naiunga mkono, ingawa kwa shingo upande.

Asubuhi moja kimbunga kilikuja kimevimba upande wa mashariki, na mama yake Bi Duara aliishi mashariki. Kwa wastani, nyumba ilibaki nje kidogo ya mstari. Aliliona hilo, akaenda kwa mkuu wetu na ramani mkononi. Mkuu ni mtu muelewa, akakubali upande ule upanuliwe.

"Tutaweka kwenye taarifa ya mchana," alisema. "Ya asubuhi imeshatoka."

Bi Duara alikuwa hajakaa vizuri simu yake ikaita. Akaifungulia sauti, maana mikono ilikuwa kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Majirani wanafunga virago kwa woga. Nimewaambia wasinipigie kelele, anayechora ni mwanangu. Tumo au hatumo?"

Aliangalia ramani. Mimi nilimwangalia yeye.

"Kwa taarifa ya asubuhi, hamumo. Lakini sikiliza ya mchana, mama."

"Ukisema hatumo, hatumo. Acha nikaanue nguo."

Taarifa ya mchana ilipotoka, nyumba ile ikiwa ndani ya mstari, minara ya simu ya upande ule ilikuwa imeshaanguka. Alipiga, akapiga tena. Kisha akaiweka simu chini akaendelea kupima, kwa sababu kimbunga kilikuwa bado kinatembea.

Kwenye msiba wa mama yake hakulia. Nililia mimi, nikaona haya. Aliporudi kazini alikuta utaratibu umebadilika: sasa tunapeleka vipimo vya pande zote nne, na umbo kwenye ramani limepinda kama kiazi. Mkuu alimwonyesha kwa upole. Akasema, "Sawa," akavua koti, akaketi.

Siku hizi kimbunga kikikaribia, simu zinaita meza hadi meza, ndugu wanauliza wamo au hawamo, hadi tunazizima. Ya kwake huiweka karibu na mkono. Juzi nilimuuliza kwa nini asiizime kama sisi, afanye kazi kwa utulivu.

"Haiiti," alisema, akaendelea kupima upande wa mashariki.