Siku Mama Mkwe Aliposukuma Gari Langu la Mashindano

Niliaibika, sikatai, na hapa Ifakara kila mtu ameshaisikia habari hii kwa mdomo wa mtu mwingine, wengine wakidai nilibomoa nyumba ya ukweni, wengine kwamba mama mkwe alilazwa, na juzi pale stendi nimemkuta mtu nisiyemjua kabisa akiisimulia huku ananiigiza sauti, ndipo nikaona bora niisimulie mwenyewe, maana kama ni kuchekwa basi nichekwe kwa yaliyotokea. Ila nawaambia mapema kwamba siku ile niliaibika na hapohapo nilionewa, na kuonewa kwenyewe hakujaisha mpaka leo.

Kwanza mlijue gari, maana ninyi mnaoliita mkweche hamjawahi hata kulifungua mlango. Ni gari la Kijapani la milango miwili, la enzi zile magari ya mashindano yalipokuwa yakikimbizwa kwenye barabara zetu za vumbi na tope, na nililikuta Sanje kwenye banda la mtu aliyekwisha hama, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Ujana wangu wote umeishia humo. (Mama yangu mzazi alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mwanawe ameoa gari.) Ndani hakuna kiti cha nyuma wala zulia, kuna viti viwili tu vinavyombana mtu mbavu, mabomba ya chuma ya kulinda vichwa gari likibiringika, mikanda inayopita mabegani na kufungwa kwa kufuli moja kifuani, na usukani mwembamba ambao ngozi yake imelika pale tu ilipokuwa ikishika mikono ya dereva wa zamani, na wewe ukiushika vidole vyako vinakwenda palepale. Kwenye paa kuna bonde, kumbukumbu ya siku lilipobiringika huko mashindanoni, na kila fundi niliyempelekea alitaka kulinyoosha nikakataa, kwa sababu lile bonde gari lililipata kazini. Ubavuni nimeirudishia kwa mkono namba yake, kumi na tisa. Halafu mlio wake, jamani, kabureta mbili zikivuta hewa pamoja, siyo haya magari yenu ya siku hizi yanayolia kama friji.

Sasa, baada ya miaka yote hiyo nikampata Leokadia, mwalimu wa chekechea, binti wa watu wa Idete waliohamia kutoka Mahenge, Wakatoliki wa benchi la mbele, na nikakubaliwa nipelekwe ukweni nikaonekane. Mnajua siku ya kuonekana ilivyo. Mshenga ndiye anayesema, wewe unakaa, unatazama chini, unakula kidogo, na wazee wa kule wanakutafutia kosa wakutoze faini, umechelewa faini, umekaa kabla hujakaribishwa faini, na ukiwaudhi kwelikweli wanasema mtoto wetu bado mdogo, na huyo mtoto ana miaka thelathini na mbili. Mimi nilikuwa na arobaini na moja. Nikikataliwa pale nisingempata Leokadia mwingine, na mwenyewe alishanieleza wazi kwamba baba yake akisema hapana, yeye hatorokani na mtu.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Desideri, kaka yake mama, mtu mzima anayependa kula na anayeogopa kila kitu chenye magurudumu, na yeye alishatafuta teksi. Teksi ndiyo ingeniokoa, nakiri. Lakini Leokadia alikuwa amenisimulia kwamba baba yake, Mzee Kolumbani, zamani akiwa kijana alitembea safari ndefu kwenda kuyaona magari ya mashindano yakipita, moja likamrushia tope kutoka kichwani mpaka miguuni, akarudi kwao anacheka njia nzima. Nikasema moyoni, mzee wa namna hii unampelekea teksi? Tatizo ni kwamba stata ilikuwa imekufa wiki ileile.

"Sasa tutawashaje?" mjomba akauliza.

"Tunasukumwa hapa, linawaka, hatuzimi mpaka tumerudi."

"Na tukiwa tunakula?"

"Litakuwa linaunguruma nje, mjomba. Injini haili."

Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu, na mengine yote yametoka humo. Tulifika Idete salama, mjomba akisali rozari tangu tunatoka mpaka tunaingia uani, na uani kumefagiliwa, turubai kubwa limetandazwa jua kali, juu yake mpunga wa watu wa mwaka mzima unakauka. Nikaegesha pembeni kwa adabu, nikaliacha likiunguruma, tukaingia.

Kitu nilichosahau, mimi ninayejidai kulijua gari lile kuliko mtu yeyote bonde hili, ni kwamba gari la mashindano halikuumbwa kusimama. Likikaa bila kukanyagiwa mafuta linaanza kukohoa, na ukilipuuza linazimika. Nimeketi, nimeshawaamkia wazee wote shikamoo, mjomba ameanza maneno yake mazuri, nasikia nje linakohoa. Nikaomba kutoka kidogo, nikaenda nikakanyaga mafuta, nikarudi nikakaa. Likakohoa tena. Nikaomba tena. Mara ya tatu nainuka nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma ya pazia la jikoni, sauti ya upole kabisa, ikisema, "Mwonyesheni mgeni choo kilipo, asione aibu."

Nimerudi nimekuta mbele ya kiti changu kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Mzee mmoja, shangazi yake Leokadia akimuunga mkono kwa kichwa, akamwuliza mjomba kama tumbo la mwenzetu lilianza leo au ndivyo lilivyo siku zote, na Mjomba Desideri (ambaye kazi yake siku ile ilikuwa moja tu, kunisemea) akajikuna shingo akajibu, "Ni la ukoo." La ukoo. Gari linasikika mpaka kwa jirani, yeye anaona afadhali niwe na ugonjwa wa kurithi kuliko kusema nina gari lisilo na stata. Nikayanywa yale maji.

Baada ya hapo ningeinukaje tena? Nikabaki kwenye kiti nimeng'ang'ania, chakula kikaletwa, wali na samaki kitoga wa nazi, tukasimama kusali. Tumefika kwa jina la Baba na la Mwana, gari likatoa mshindo mmoja wa bunduki, kuku wakapita juu ya mpunga wakitawanya, mzee mmoja akawa tayari yuko chini ya meza, na likazimika. Mama mkwe akasema, "Asante Mungu, limenyamaza." Nilichukia, nawaambia kweli, mtu anamshukuru Mungu kwa kifo cha injini yangu na mimi natakiwa niseme amina.

Aliyeninyanyua moyo ni Mzee Kolumbani. Aliacha sahani yake, akatoka, akalizunguka gari polepole, akapitisha kiganja kwenye lile bonde la paa.

"Hapa lilibiringika?"

"Ndiyo, baba."

"Usije ukalinyoosha."

Nilitaka kulia. Katika watu wote, katika mafundi wote, huyu ndiye wa kwanza. Akaingia akakaa kwenye kiti cha dereva, akavaa helmeti yangu ya zamani, akashika usukani pale pa kushika, na wazee wenzake ikabidi waje kumwita kwamba samaki anapoa. Aliporudi mezani mambo yakawa laini ajabu, tukakubaliwa, hata faini moja hatukutozwa, Leokadia akapita na maji ya kunawa akanikonyeza, na mimi nikajiona mshindi.

Basi ikafika saa ya kuondoka, na gari limezimika. Vijana wa nyumba ile hawapo, mzee alikuwa amewatuma shambani wakachukue magunia yaliyobaki. (Amewatuma saa ngapi, na kwa nini saa ile, nimejiuliza sana.) Yeye mwenyewe goti linamsumbua, ila akajitolea kukaa kwenye usukani ili mimi nisukume, na mimi kwa kiburi changu nikasema hapana baba, gari hili lina tabia zake, usukani simwachii mtu. Mjomba Desideri akasema yeye ni mshenga, kazi yake ni maneno. Nikaingia, nikafunga mikanda kwa kuwa sijawahi kukaa kwenye kiti kile bila kuifunga, na wazee wawili wakasogea nyuma kujaribu.

Nikatazama kioo. Namwona mama mkwe anakuja, amejifunga khanga kiunoni juu ya sare yake nyeupe ya akina mama wa kanisani. Ninyi mmelelewa kama mimi. Mama mkwe humpi mkono, mkikutana njiani unampisha, unamwamkia umetazama pembeni, sasa huyu anakuja kunisukuma kama gunia. Nikabonyeza kufuli la mikanda nishuke. Limekwama. Nikalivuta, nikalipiga ngumi, limekwama, nikatoa kichwa dirishani.

"Mama, hapana mama. Mama, shikamoo." (Nilishamwamkia, najua, hakuna neno jingine lililonijia.)

"Marahaba," akasema. "Sukumeni, mgeni anachelewa."

Gari likaanza kwenda, mimi jasho linanitoka, mguu ukateleza kwenye klachi kabla ya wakati, na bila shukrani wala adabu likawaka saa ileile, kwa mshindo kuliko ule wa kwanza, likaruka mbele na mimi nimefungwa ndani. Likaingia kwenye turubai, likalikunja na kulikokota na mpunga wake, mpunga ukiingia madirishani mpaka mapajani kwangu, likaenda kukita pua kwenye kichanja cha kuanikia vyombo, likafa. Nikageuka. Mama mkwe amesimama palepale, mikono bado iko mbele kama anasukuma, na masizi yote ya ekzosi yako kwake, sare nyeupe imekuwa nyeusi, uso mweusi, yanaonekana macho tu.

"Nimezaa watoto saba," akasema taratibu, "sijawahi kumsukuma mwanamume."

Mjomba ndiye aliyenitoa, kwa kuikata mikanda kwa kisu cha vitunguu, mikanda ya asili isiyopatikana popote, na akaikata akiwa anajisifu. Wazee wakarudi kwenye viti bila kukaribishana. Yule wa chini ya meza akakohoa akaanza, "Sisi tunaona mtoto wetu bado…" na Leokadia mlangoni akaziba mdomo kwa mikono miwili, maana sote wawili tulijua hilo neno linaishia wapi. Mzee Kolumbani akanyoosha mkono kumnyamazisha.

Akasema mama atalipwa kitenge na sare mpya. Mpunga nitauokota mwenyewe, punje kwa punje. Na kwa ile aibu ya mkwe kusukumishwa, gari litabaki pale lilipo, liwe la nyumba hii, na mtoto atatolewa.

Nikalitazama gari. Nikamtazama Leokadia. Nikalitazama tena gari. (Leokadia anasema nilitazamatazama hivyo muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai, na tukigombana hilo ndilo la kwanza kutajwa.) Nikasema, "Sawa, baba." Nikapiga magoti uani na suti yangu, nikaokota mpunga mpaka jua likaelekea kuzama, kisha tukarudi Ifakara kwenye bodaboda moja, mimi na mjomba, bila helmeti, kwa sababu nilipoiulizia mzee alisema helmeti huenda na gari.

Tumeoana, ananitunza, sina lawama. Lakini kila tukienda Idete kusalimia, chai haijapoa, Mzee Kolumbani ameshaingia kwenye kiti changu na kuvaa helmeti yangu, na kando yake, kwenye kile kiti alichosalia rozari mjomba, anakaa mama mkwe na kitenge kipya, anatazama mbele. "Mkwe," mzee ananiita, "hebu tusukume kidogo." Nasukuma. Majirani wanakuja na vigoda vyao. Nawazungusha ua mzima, viatu vya kanisani vinateleza, likiwaka masizi yote ni yangu, na wao wanaondoka kwenda kutembea.

Nilivumilia nikijiambia ndiyo ukwe, mpaka Pasaka iliyopita Leokadia akaropoka. Kumbe stata imetengenezwa zamani, wiki chache tu baada ya harusi, na kila Jumapili baba yake anapiga ufunguo kama mtu yeyote na kwenda kanisani, ila akisikia tunakuja anachomoa waya mmoja. Nikasema nitakwenda kumwuliza mzee usoni, tena mbele ya watu.

"Usimwonee baba," Leokadia akasema. "Aliyeomba ni mama."

Basi nimeapa, na ninyi mlioposa sikieni: ukweni nendeni na teksi, nendeni kwa miguu, na kitu mnachokipenda kifungieni nyumbani na funguo mfiche. Jumapili hii tumeitwa tena Idete. Nimeshanunua raba zenye meno chini.